Barua ya wazi kwa wanaotunza rejista ya saratani: andikeni Mwakirunge

Kwa Idara ya Afya ya Kaunti ya Mombasa, kwa Taasisi ya Kitaifa ya Saratani, na kwa makarani, madaktari na watafiti wote wanaoshughulika na rejista ya saratani kanda ya Pwani.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Mwakirunge, mojawapo ya wadi za Kisauni, Mombasa. Ombi langu nalitoa mapema, ili asiye na nafasi asome aya hii moja tu: mgonjwa wa saratani akitoka kwetu, fomu yake iandikwe Mwakirunge, na kijiji chake kitajwe. Isiishie Kisauni wala isiishie Mombasa. Kisha kila mwaka tuletewe hesabu, hapa hapa, kwa Kiswahili, tujue wameugua wangapi na saratani gani.

Mimi ni mhamasishaji wa afya ya jamii. Kaya zangu nazijua kwa majina ya wenyewe na kwa ukali wa mbwa wao. Najua nani ana sukari, nani presha, na mtoto yupi hajamaliza chanjo. Habari za saratani mara nyingi nazipata matangani.

Wadi yetu inajulikana Mombasa nzima kwa jambo moja, nalo ni jaa la taka. Tangu jaa la Kibarani lilipofungwa mwaka 2018, malori yanayokusanya uchafu wa kisiwani na wa bara yameelekezwa kwetu. Wapo watu wanaokula kwa jaa hilo: wanaookota chupa, vyuma na makaratasi, na wengine wamelea watoto wakasoma kwa kazi hiyo, kwa hiyo sitawatukana. Lakini moshi upo. Plastiki ikichomwa ovyo hutoa dioksini, na ile dioksini kali kuliko zote iliwekwa mwaka 1997 katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Walioiweka huko ni Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa. Mwaka 2013 shirika hilo hilo likaiweka hewa chafu ya nje katika kundi hilo.

Maneno hayo hayamthibitishii mtu yeyote kwamba jaa ndilo lililomuua mamake. Kuwa kitu kinaweza kuleta saratani ni jambo moja. Kuwa kimeileta kwa watu hawa, mahali hapa, kwa kiasi hiki, ni jambo jingine, na hilo la pili halijulikani bila kuhesabu watu. Kwa hiyo kila penye baraza mtu husimama akauliza kama saratani kwetu ni nyingi kuliko kwingine, na jibu tunalopewa ni kwamba hakuna ushahidi. Jibu hilo lina sura mbili. Huenda mtu ametafuta asione kitu, na hapo sisi tunapaswa kushukuru na kunyamaza. Au huenda hapajatafutwa. Tukiambiwa hakuna ushahidi, tuambiwe pia ni sura ipi kati ya hizo mbili.

Nimejitahidi kuielewa kazi yenu kabla ya kuilaumu, na niseme wazi kwamba ni kazi ngumu inayofanywa na watu wachache wasiojulikana. Karani wa rejista ya saratani hakai mezani akingoja wagonjwa waje kujiandikisha. Huwafuata. Huanzia kwenye maabara ya patholojia, kinakopokewa kila kinyama kilichokatwa na kutazamwa kwa hadubini. Hupita kliniki ya saratani, wodi, daftari la chumba cha upasuaji, hospisi, na ofisi inayosajili vifo. Kwa Mombasa maana yake ni kuzunguka Hospitali ya Rufaa ya Pwani, ambayo sisi bado tunaiita Makadara, kisha hospitali za binafsi za kisiwani, kisha Hospisi ya Pwani, na kila mahali afungue mafaili ya karatasi yaliyoandikwa kwa mwandiko wa daktari mwenye haraka.

Kwa kila mgonjwa huchukua mambo machache: jina, jinsia, umri, anakoishi, tarehe ugonjwa ulipogunduliwa, umegunduliwaje, uko kiungo gani, na ni wa aina gani. Halafu hugeuza maneno kuwa misimbo ambayo dunia nzima imekubaliana. Titi ni C50, shingo ya kizazi C53, umio C15. Huingiza yote kwenye programu iitwayo CanReg5, ambayo shirika la Lyon huitoa bure, na kwa misimbo hiyo karani wa Mombasa na karani wa Norwe wanaweza kulinganisha hesabu zao.

Kazi inayochosha zaidi ni kuhakikisha mtu mmoja hahesabiwi mara mbili. Nawaonea huruma. Huku kwetu mwanamke anaweza kuwa Sidi kwa mamake, Josephine kwenye kitambulisho, na Mama Kazungu kwenye kadi ya zahanati. Akipimwa hospitali moja kwa jina la kwanza na kutibiwa nyingine kwa jina la pili, rejista imepata wagonjwa wawili. Kadzo huandikwa Khadzo. Mwanaisha hupoteza herufi njiani. Kama hamna namba ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa, mtapatanishaje?

Sasa tuje kwenye zile nafasi mbili za fomu zinazoniudhi. Ya kwanza ni umri. Kwenye fomu za kupeleka vinyama maabara, mahali pa umri mara nyingi pameandikwa tu kwamba ni mtu mzima. Mtu mzima wa miaka 22 au 81? Saratani ni ugonjwa unaokwenda na umri, na bila umri huwezi kulinganisha eneo la vijana na eneo la wazee. Ya pili ni makazi, nayo ndiyo iliyonifanya niandike barua. Mgonjwa akiulizwa anatoka wapi hujibu Kisauni, kwa sababu amefunzwa na maisha kwamba afisa wa mjini hajui Mwakirunge iko wapi. Mwingine amefikia kwa nduguye Tudor ili awe karibu na kliniki, basi huandikwa mtu wa Tudor. Aliyetoka Kaloleni au Kinango akalala kwa shemeji Changamwe huingia kwenye hesabu ya Changamwe. Na baadhi yetu, kwa kuwa tumepakana na Kaunti ya Kilifi, hutafuta matibabu upande huo na kutoweka kabisa kwenye vitabu vya Mombasa.

Rejista inayokusanya wagonjwa wa hospitali humsaidia mwenye hospitali: atajua vitanda vingapi, dawa kiasi gani, mashine ngapi. Ni jambo jema. Lakini rejista ya idadi ya watu hujibu swali jingine, yaani katika watu 100,000 wanaoishi mahali fulani, wangapi huugua kwa mwaka. Swali hilo lina namba mbili, ya juu na ya chini. Ya chini ilipatikana kwa gharama kubwa kwenye sensa ya 2019: Mombasa watu 1,208,333, na kati yao Kisauni 291,930, kaunti ndogo kubwa kuliko zote za Mombasa, ikiipita hata Likoni yenye 250,358. Namba ya juu ndiyo inayotegemea karani kujua kwamba Mama Kazungu analala Mwakirunge.

Nimeambiwa kwamba hesabu za taifa tayari zipo. Zipo. Makadirio ya shirika la Lyon, yanayoitwa GLOBOCAN, yalisema Kenya ilikuwa na wagonjwa wapya 47,887 mwaka 2018, kisha 42,116 mwaka 2020, kisha 44,726 mwaka 2022. Msomaji wa haraka atadhani saratani ilipungua kisha ikapanda tena. Haikuwa hivyo. Wenyewe Lyon huonya kwamba toleo moja halilinganishwi na jingine, kwa sababu data na njia za kukadiria hubadilika. Ni makadirio, na kwa nchi yetu yamesimama kwa sehemu kubwa juu ya rejista mbili: ya Eldoret, iliyoanzishwa mwaka 1999 katika Chuo Kikuu cha Moi, na ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 2001 katika KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba. Wenzetu hao walianza mapema, wakavumilia, na wanastahili pongezi. Ila Eldoret ni nyanda za juu na Nairobi ni Nairobi. Saratani ya umio, kwa mfano, imewasumbua watu wa Bonde la Ufa kwa miaka mingi kwa kiwango kilichowashangaza watafiti wa ulimwengu. Je, sisi tunaokula vingine, tunaovuta hewa nyingine, tunaotafuna tambuu na muguka, tunafanana nao? Mkenya wa Pwani anakadiriwa kwa kumtazama Mkenya wa mlimani.

Nichukue hesabu ya taifa ya mwaka 2022 niigawe kwa kichwa, hesabu ya dukani tu, bila kuangalia umri. Mombasa ingekuwa na wagonjwa wapya kama 1,100 kwa mwaka na Kisauni kama 270. Hao 270 ni kina nani? Kisauni ina wadi saba. Zingekuwa sawa kwa ukubwa, kila wadi ingepata wasiofika 40, na zaidi ya robo yao wangekuwa na saratani ya matiti au ya shingo ya kizazi, kwani mwaka 2020 hizo mbili peke yake zilikadiriwa kuwa 6,799 na 5,236 nchini. Zilizobaki zingegawanyika moja moja, mbili mbili: tezi dume, utumbo, umio, mdomo, damu.

Hapa lazima niwe mkweli kwa majirani zangu kuliko nilivyo kwenu. Namba ndogo ni danganyifu. Wadi yenye watu wanne wa saratani ya damu mwaka huu na mmoja mwaka ujao haijapona. Ni bahati tu inayochezacheza, na anayeshika ule mwaka wa wanne akakimbilia gazetini atakuwa amewatia watu hofu bure. Isitoshe, saratani nyingi huchukua miaka kumi, ishirini na zaidi kutoka sumu kuingia hadi uvimbe kuonekana. Ndiyo sababu nasema anzeni kuandika leo. Mkianza kuandika wadi na kijiji mwaka huu, miaka kumi ijayo mtajumlisha miaka yote pamoja na mtakuwa na cha kusema, iwe ni kwamba Mwakirunge iko sawa na wadi ya Shanzu au haiko. Msipoanza, miaka kumi ijayo mtatujibu tena kwamba hakuna ushahidi, nanyi mtakuwa mnasema kweli.

Kwamba kuuliza mgonjwa katoka wapi kunaweza kubadilisha elimu ya dunia, sisi wa Afrika Mashariki hatupaswi kufundishwa na mtu. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, Denis Burkitt, aliona watoto wenye uvimbe wa mataya usio wa kawaida, na mwaka 1958 akauandika. Hakuishia kwenye kisu. Alituma maswali kwa hospitali nyingi barani akiuliza kama wamewahi kuona watoto kama hao, na mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walipanda gari wakasafiri maili 10,000 kuelekea kusini, wakisimama hospitali baada ya hospitali. Kila jibu alilitia kwenye ramani. Ramani ikaonyesha kwamba ugonjwa unapenda nchi za joto na mvua, mabonde na pwani, na unakwepa milima mirefu. Hatimaye ikaeleweka kwamba unafuata malaria, na mwaka 1964 kirusi kilichohusika kilionekana London katika vinyama vilivyosafirishwa kwa ndege kutoka Uganda. Fikirini kama kwenye mafaili yale pangeandikwa tu kwamba mtoto ametoka Afrika.

Kampala hiyo hiyo ina rejista iliyoanza miaka ya 1950, miongoni mwa kongwe kabisa barani. Haikujaribu kuihesabu Uganda nzima. Ilichagua kaunti moja, Kyadondo, ikaihesabu vizuri. Vurugu za nchi ziliizima, ikafufuliwa mwaka 1989, na kwa kuwa zilikuwapo hesabu za zamani za mahali pale pale, waliweza kuonyesha jinsi saratani ya Kaposi ilivyopanda Ukimwi ulipoingia. Daftari la zamani ndilo lililowapa ulimi.

Tuongee kuhusu wanaokufa. Huenda hapa ndipo mnapopoteza wengi kuliko mnavyodhani.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Kwetu hata kilio hakimuumbui. Chukulieni mama mmoja wa hapa, simtaji, aliyeanza na kivimbe cha titi, akakificha, akaenda kwa mganga, akarudi kikiwa kidonda kinachonuka. Alifia nyumbani alfajiri. Mwislamu hangoji, kufika adhuhuri kaburi lilikuwa tayari na jamaa walikuwa njiani kwenda kwa naibu wa chifu kutafuta kibali cha mazishi. Angefia hospitali, daktari angejaza fomu ya D1 na kuandika chanzo cha kifo. Kwa kuwa amefia nyumbani, anayejaza ni naibu wa chifu, fomu ya D2. Naibu wa chifu si daktari. Anauliza jamaa aliyekuja: mama alikuwa anaumwa nini? Jamaa ni kijana, mkwe, anaona haya kutaja titi la mkwewe mbele ya watu. Anasema aliugua muda mrefu. Kikaandikwa hicho. Kinyama hakikukatwa, faili halikufunguliwa hospitali, na ushahidi wa mwisho uliobaki duniani kwamba mwanamke huyu alikuwa na saratani ni kumbukumbu ya waliomwosha.

Mimi nilikuwa nikimtembelea. Nilijua. Hapana mtu aliyeniuliza, na kwenye daftari langu la kaya hapakuwa na mahali pa kuliandika hilo na kulifikisha rejista.

Mtu atasema kumfuata mgonjwa hadi boma lake ni ndoto ya nchi tajiri. Tazameni jirani. Kilifi, mwendo mfupi tu kwa matatu, watafiti wa KEMRI na shirika la Wellcome wamekuwa tangu mwaka 2000 wakihesabu watu wa eneo la kilomita za mraba 891, zaidi ya robo milioni ya watu, boma kwa boma. Mtoto akilazwa hospitali ya Kilifi, anatafutwa kwenye orodha hiyo na kuunganishwa na nyumba yake siku ile ile. Na mtu akifa, mhojaji aliyefunzwa huenda baadaye kwa jamaa, muda wa majonzi ukishapita, akauliza kwa upole: alikohoa? alikonda? alikuwa na uvimbe wapi, tangu lini? Madaktari husoma majibu na kukisia chanzo cha kifo. Si hadubini, lakini ni bora sana kuliko kuandika tu kwamba aliugua muda mrefu. Najua Kilifi ina fedha za wafadhili. Siombi mtuletee Kilifi nzima. Naomba ile tabia yao ya kuuliza nyumba iko wapi, ambayo haihitaji mfadhili.

Watu wa kufanya kazi hiyo mnao. Septemba 2023 serikali ilituzindua sisi wahamasishaji 100,000 nchini, tukapewa mikoba na simu za kuingizia data za kaya. Simu ninayo. Inaniuliza habari za choo, za maji, za wajawazito. Iongezwe maswali machache tu: kuna mtu wa nyumba hii aliyeambiwa na daktari ana saratani? Amefariki mtu mwaka huu, na alikuwa na uvimbe au kidonda kisichopona? Jibu liende kwa karani wa rejista, naye ndiye aende hospitali kuthibitisha. Karani asiandike mgonjwa kwa kauli yangu. Kauli yangu imwelekeze tu pa kutafuta.

Nimefika kwenye jambo linalonitia wasiwasi mimi mwenyewe, maana ombi langu lina ncha mbili. Mkiandika kijiji, mtakuwa mmeandika pia siri. Katika kijiji cha nyumba 200, ukisema mwaka huu palikuwa na mwanamume mmoja mwenye saratani ya uume, umeshamtaja. Kilichobaki ni kumpigia ngoma. Na huku saratani bado inasemwa kwa minong'ono. Kuna wanaoamini inaambukiza, kuna wanaosema ni kurogwa, na nimeona mwanamke akitengewa kikombe chake. Mtu akijua kwamba jina lake linazunguka kwenye simu za wahamasishaji hatakuja kupimwa, na nyinyi mtabaki na rejista safi isiyo na watu.

Sheria haikuwaacha bila mwongozo. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Saratani ya mwaka 2012 ndiyo iliyoianzisha taasisi yenu na kuwapa jukumu la rejista, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaihesabu habari ya afya ya mtu kuwa data nyeti. Makarani wa rejista duniani wamelitatua jambo hili siku nyingi: kusanya kwa undani, toa kwa ujumla. Jina na kijiji vibaki kwenye kompyuta iliyofungwa, kwa watu wachache walioapa. Kinachotoka nje kiwe ni cha wadi, cha miaka kadhaa kwa pamoja, na panapokuwa na watu wasiofika watano namba isitajwe kabisa. Mtafiti akitaka data apewe bila majina, kwa kibali cha kamati ya maadili, na aandike atarudi lini kutueleza alichoona.

Na sisi wahamasishaji tuapishwe pia. Nasema hivyo nikijijua na kuwajua wenzangu. Mdomo wa kijijini hauna kufuli.

Kuhusu kuturudishia hesabu sina haja ya maneno mengi. Takwimu zetu husafiri: hutoka wodini, zikaenda Nairobi, zikafika Lyon, zikachapishwa kwenye majedwali yanayosomwa Geneva. Hazijawahi kupanda matatu ya Bamburi zikaja Mwakirunge. Leteni karatasi moja. Wangapi, wanaume na wanawake, saratani zipi tano za juu, wangapi waliogunduliwa mapema na wangapi waliochelewa. Hilo la mwisho lingenisaidia kuliko mabango yote ya kampeni. Nikimwambia mama wa hapa kwamba katika wanawake wa wadi yake waliopatikana na saratani ya titi wengi walichelewa, ataniuliza maswali. Nikimsomea hesabu ya nchi, ataitikia tu na kuniletea chai.

Tena kuna deni la Mombasa ambalo rejista pekee inaweza kulilipa. Oktoba 2019 Rais Uhuru Kenyatta alikuja hapa kuzindua chanjo ya HPV kwa wasichana wa miaka 10, ile ya kuzuia saratani ya shingo ya kizazi. Wasichana wale wa kwanza sasa ni vijana. Watakapofika miaka 35 na 40 ndipo tutajua kama chanjo iliwakinga, na tutajua kwa njia moja tu, kwa kulinganisha hesabu ya wakati huo na hesabu ya sasa. Wazazi waliokataa, kwa kuambiwa msikitini na kanisani kwamba sindano ile itawafanya mabinti wao tasa, watahitaji jibu lenye namba. Hesabu ya sasa ndiyo inayopotea kila siku fomu inapoandikwa nusu nusu.

Narudi kwenye jaa, kwa sababu najua kuna watakaodhani barua hii ni ya kutafutia fidia. Mombasa tuna mfano wa Owino Uhuru, upande wa Jomvu, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwatia watu sumu ya risasi. Mwanaharakati Phyllis Omido na wakazi walipigania haki, na Julai 2020 mahakama ya mazingira hapa Mombasa ikawapa shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Waliweza kusimama mahakamani kwa kuwa risasi hupimwa kwenye damu. Mtoto anatolewa damu leo, majibu yanakuja. Saratani haina kipimo cha kumwambia mtu ni moshi upi ulioileta. Ushahidi wake hauko mwilini mwa mtu mmoja, uko kwenye hesabu ya wengi kwa miaka mingi. Kwa hiyo anayetunza rejista ya saratani ya eneo lenye jaa anatunza ushahidi, apende asipende. Na hesabu ikija kuonyesha kwamba jaa halina hatia, mimi mwenyewe nitaisoma barazani kwa sauti, maana hofu nayo ni mzigo na majirani zangu wameubeba muda mrefu.

Bajeti ya kaunti hujadiliwa na wananchi kila mwaka, na wadi yetu itaitwa kutoa maoni kama kawaida. Safari hii tutaomba barabara na maji, kama siku zote, na tutaomba pia makarani wawili wa rejista wenye nauli ya kuzunguka bara, Likoni, Kisauni na Changamwe, wasiishie kisiwani. Nimeshaongea na wazee wa vijiji na imamu, na pasta amekubali. Nyinyi leteni fomu mpya yenye nafasi ya wadi na kijiji, pamoja na mtu wa kutufundisha namna ya kuijaza bila kuvunja siri ya mtu. Anayekuja asipotee njiani: apite Bamburi, aulize zahanati, wanajua kwangu.

Wenu,
Mhamasishaji wa afya ya jamii,
Wadi ya Mwakirunge, Kisauni.